Kiwango: Misumari Yote

Mize binti Haji alikuwa ananadi tenga la kolekole alipoishiwa pumzi. Mnada wa samaki wa Bagamoyo ulikuwa umechangamka asubuhi hiyo. Wakaanga samaki walikuwa mbele na ndoo zao, wachuuzi wa pikipiki nyuma na makasha yao ya barafu, na Mize alisimama juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, mahali pake pa siku zote. Aliitaja bei ya mkaangaji mmoja aitwaye Mwanvita, akageuka aitaje ya kijana mmoja wa Dar, na sauti ikakatika katikati ya neno. Akashika kiuno. Akavuta hewa, na hewa haikuja ya kutosha.

Wanunuzi wakangoja. Walipokuwa wanangoja, nanga ya boti ya Abuu ilitoka majini, ikapanda mchangani ikiburuta kamba yake, ikapita katikati ya ndoo za watu na kusimama kisiginoni kwa Mize.

"Da Mize," Abuu alisema, "sogea juu kidogo, boti yangu inaondoka."

Mize akashuka kwenye kreti, akasogea hadi kwenye vibanda vya kukaangia. Nanga nayo ikasogea. Abuu aliitazama, akaona hakuna namna, akaenda kuifunga boti kwenye kigingi cha mti. Kisha akarudi akapanda kreti yeye, akamalizia tenga la kolekole. Sauti yake haikuwa mbaya, ila haikufika mbali. Ya Mize, enzi zake, ilifika hadi Magomeni ya hapohapo Bagamoyo, na wanawake wa huko waliijua bei ya samaki wakiwa bado wanafagia nyua zao.

Mize alikuwa dalali pekee mwanamke pwani nzima ya Bagamoyo. Alirithi kazi kwa baba yake, na watu waliopinga mwanzoni walinyamaza siku walipomsikia. Kisha presha ikamharibu figo, taratibu, bila kelele, na alipokuja kuambiwa alikuwa ameshazoea kuchoka. Aliambiwa ni mvivu siku hizi. Aliambiwa ni umri. Alianza kutafuna barafu ya samaki, mabonge kwa mabonge, na usiku miguu yake haikutulia. Tangu Ramadhani ndoana zilikuwa zinamrukia zikinasa kwenye kanga, hata wauza zana wakamwomba kwa heshima apitie upande wa pili wa njia. Visu vya wakaanga samaki viligeuza ncha kila alipokatiza, nao wakavifunga kamba. Hakuna aliyemkasirikia. Kila mtu sokoni ana usumbufu wake.

Kliniki ya figo katika Hospitali ya Mnarani ilikuwa kila Jumanne. Mize alikwenda na mdogo wake, Mwanahija, ambaye alikwishakubali kumpa figo moja. Walikwishapimwa mjini, wakaambiwa miili yao inapatana, wangoje tu Mize apate nguvu ya kuhimili upasuaji. Mwanahija alikuwa anaingoja siku hiyo kama mtu anavyongoja harusi. Alikwishashona madera mawili ya kuvaa wodini, ya kitambaa kimoja.

Daktari wa kliniki aliitwa Maulida, binti wa Pangani, bado kijana, mwenye haraka ya kutembea na utaratibu wa kusema.

"Shikamoo, Bi Mize. Shikamoo, Bi Mwanahija."

"Marahaba, mwanangu."

Alimfunua Mize kope la chini, akalitazama, akalirudisha. Akatazama viganja. Akasoma karatasi ya maabara.

"Damu imeshuka tena. Zile sindano za kuzalisha damu unachoma?"

"Nachoma zote."

"Basi mpishi yupo, unga hamna. Au unga upo, kuna kitu kinamzuia mpishi asiuguse. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili, na tiba zake haziko sawa."

"Utajuaje?" Mwanahija aliuliza.

"Kuna kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Sisi hatuna. Damu inapelekwa mjini, na majibu yakija kurudi, mtu amekwishakuwa mwingine."

"Na dawa yake?"

"Dawa ipo." Daktari aliinua kidevu kuelekea ukumbini, ambako kulikuwa na kabati la chuma la rangi ya kijivu. "Dripu za chuma zimejaa kabati zima. Haziruhusiwi kutoka mpaka fomu iwe na kiwango."

Ufunguo wa kabati alikuwa nao Bi Tabia, mfamasia. Hakuwa mtu mbaya. Alikwishaadhibiwa mara moja, huko alikotoka, kwa kumpa mgonjwa dawa kwa huruma, na tangu hapo hakutoa kitu bila karatasi iliyojazwa.

Lililobaki ni kumwongezea Mize damu ya watu. Daktari Maulida hakulipenda hilo, akaeleza sababu. Kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaufundisha mwili kukataa wageni. Ukiongezewa mara nyingi, unaweza kuja kuikataa hata figo ya ndugu yako wa tumbo moja. Mwanahija aliitazama mikono yake, kisha akamtazama dada yake.

"Daktari, kuna na jingine," Mize alisema. "Nanga zinanifuata."

Daktari akaandika. "Tangu lini?"

"Nanga, juzi. Ndoana tangu Ramadhani."

"Visu?"

"Visu vinageuza ncha tu."

"Unasikia maumivu?"

"Maumivu hamna. Ila wenye boti wanalalamika."

Daktari Maulida aliifunga kalamu yake. Halafu akasimama, akavua koti jeupe, akawaambia waongozane naye ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi la Jafferali. Walioliendesha sasa ni watoto wa marehemu mzee, Ezmina na kaka yake Shahid. Shahid naye alikuwa mgonjwa wa figo, mweupe midomo na viganja sawasawa na Mize, ila yeye alitibiwa katika hospitali ya watu binafsi jijini. Kila mwezi walimtundikia dripu ya chuma, kwa kuwa bima yake ilikuwa inalipa.

Mize alipovuka kizingiti, bati zilizolazwa kwenye rafu zilinguruma. Nondo zilizoegemezwa ukutani ziliinama upande wake. Misumari iliyokuwa kwenye maboksi yaliyo wazi, ya kuezekea, ya inchi tatu, ya inchi nne, iligeuka yote ikamwelekezea ncha.

"Karibuni," Ezmina alisema. "Angalieni hizo nondo tu."

Daktari alimwomba Shahid atoke nyuma ya kaunta, asogee kwenye maboksi. Shahid akaja, akiburuta kandambili zake. Misumari ikampisha. Ilirudi nyuma ikajazana ukingoni mwa boksi, mbali naye kadiri ilivyoweza.

"Ndivyo inavyofanya," Ezmina alisema. "Kila tukifunga duka nafagia misumari kule pembeni. Nilidhani ni sakafu imelala upande."

Daktari Maulida alisimama katikati ya wagonjwa wawili, mmoja kulia kwake mmoja kushoto, wote damu iko chini, wote wakihema kwa sababu ya hatua chache. Alimwomba Shahid afumbue mdomo. Nyuma kabisa palikuwa na gego lililooza, na ufizi wake umevimba.

"Kaka Shahid, wewe chuma unacho, tena kimezidi. Kimefungiwa ndani kwa sababu mwili unapigana na hilo jino. Waache hizo dripu, nenda kaling'oe."

"Madaktari wangu hawakuniuliza jino."

"Dripu yako ilikuwa inalipwa. Hapakuwa na sababu ya kuuliza zaidi."

Shahid alilipapasa shavu lake. Ezmina akafunga misumari ya inchi tatu kwenye gazeti, akampa daktari, akakataa fedha.

Jumanne iliyofuata palikuwa na sinia la plastiki mezani kwa daktari, na misumari imemwagwa juu yake. Mgonjwa alikaa, akaweka viganja kando ya sinia, akangoja muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kwa wengine misumari iligeuka. Kwa wengine ilitulia kama misumari ya kawaida. Kwa mmoja, mke wa mwalimu kutoka Kerege, nusu iligeuka na nusu ikabaki, na daktari akamwambia arudi baada ya mwezi. Wagonjwa walilipenda sinia kwa sababu halikuchoma.

Hata hivyo Daktari Maulida alitoa damu ya kila mmoja, akaituma mjini, ili asije mtu akasema.

Siku hiyo alikuwapo Mzee Kombo wa Lugoba, dereva wa malori mstaafu, mtu mrefu aliyekonda hadi koti lake likawa la mtu mwingine. Misumari haikungoja aweke mikono. Ilishuka kwenye sinia, ikavuka meza, ikampanda kifuani, ikaning'inia kwenye koti.

"Iacheni," Mzee Kombo alisema, akiipigapiga kama mtu apigaye mgongo wa mtoto. "Hata lori langu lilikuwa linanipenda hivihivi."

Daktari alikwenda mwenyewe kwa Bi Tabia kumwombea dripu. Bi Tabia alitoka, akaitazama misumari kifuani kwa mzee, akamwamkia. Akasema haoni shaka kwamba mzee amepungukiwa chuma. Akasema pia kwamba fomu ina mahali palipoandikwa kiwango, na mahali hapo hapawezi kuachwa.

"Mimi sina ubaya na mtu, Daktari. Namba ikija hata usiku wa manane nitakuja kufungua."

Mzee Kombo alirudi Lugoba kungoja namba. Aliivua misumari mmoja mmoja na kuirudisha yote kwenye sinia kabla ya kuondoka, maana haikuwa yake.

Alifariki kabla haijaja. Waliokwenda kuzika walisema jeneza lilikuwa jepesi sana. Majembe ya kufukia ndiyo yaliyokuwa mazito. Kila jembe likishuka halikutaka kupanda, na vijana walipokezana hadi mikono ikawatetemeka.

Namba zikaja zote kwa pamoja ndani ya bahasha. Zilikubaliana na misumari kwa kila mgonjwa, hata yule wa Kerege wa nusu kwa nusu. Bi Tabia aliisoma karatasi ya Mzee Kombo, akaona kiwango kimeandikwa, akafungua kabati, akatoa dripu zake, akazipanga kwenye kisinia, akauliza mzee amekaa wapi. Wakamwambia. Alizirudisha moja moja, akafunga, akaketi kwenye kiti chake. Aliketi hapo mpaka wafagiaji walipomwomba anyanyue miguu.

Katika namba hizo hamkuwa na ya Mize. Chupa yake ya damu ilivunjika njiani.

Na Mize wakati huo alikuwa amezidiwa kabisa. Hakuweza tena kutoka kitandani hadi mlangoni bila kukaa. Masufuria ya nyumbani yalikuwa hayalali kwenye kabati. Yalipangana kuzunguka kitanda chake, na Mwanahija alipika humohumo chumbani maana ilikuwa rahisi kuliko kuyarudisha jikoni. Jumanne ilipofika, Abuu na wenzake wawili wa sokoni walimbeba hadi hospitali juu ya godoro. Njia nzima pikipiki zilizoegeshwa ziliwaangukia.

Daktari Maulida alimtazama mara moja tu. Akaagiza damu. Hakuwa na kingine cha kuagiza. Muuguzi akaleta mfuko wa damu, akautundika, akaanza kutafuta mshipa.

"Subirini kidogo," Mwanahija alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika dera lake kwa mikono miwili. "Naomba tu msubiri kidogo."

"Bi Mwanahija, hatuna muda."

"Najua. Ila na mimi nina figo yangu hapa nimemwekea. Mkimtia hiyo, nitampa nini?"

Muuguzi alimtazama daktari. Daktari aliutazama mfuko. Ukumbini kulisikika mkwaruzo wa chuma juu ya saruji.

Kabati la kijivu lilikuwa linakuja. Lilipita mbele ya chumba cha sindano, likakata kona ya maabara bila kugusa ukuta, likawapisha akina mama wawili wenye vichanga, likaendelea. Bi Tabia alikuwa nyuma yake, fomu kwapani na kalamu sikioni, mkono wa kulia umetangulia mbele kwa sababu ufunguo uliokuwa ndani ya ngumi yake ulikuwa unamvuta. Kabati liliingia wodini na kusimama ubavuni mwa kitanda. Kufuli likafunguka kabla ufunguo haujalifikia, likaruka na kujishika kwenye mkono wa dera la Mize.

Bi Tabia alivuta pumzi, akaweka fomu juu ya kabati, akatoa kalamu sikioni.

"Kiwango?"

Daktari Maulida alichukua sinia, akaliweka juu ya tumbo la Mize. Misumari ilijipanga, ncha zote kifuani kwake, hakuna uliobaki nyuma.

"Andika: misumari yote."

Bi Tabia aliigusa fomu kwa ncha ya kalamu. "Hapa panataka tarakimu."

"Andika kwa maneno."

Mize alifumbua macho. Hakuwa na sauti, ila alikuwa na midomo, na Mwanahija aliyeinama karibu ndiye aliyemsikia.

"Anasemaje?" Bi Tabia aliuliza.

"Anakuamkia," Mwanahija alisema. "Anasema shikamoo." Mize alikuwa mkubwa kwa Bi Tabia kwa miaka mingi.

Bi Tabia aliandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa shule za zamani, na neno *misumari* lilijaa nafasi yote hata *yote* likalazimika kukaa pembeni. Akatia sahihi. Kisha akatoa dripu kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi muuguzi, akabaki amesimama hapo, jambo ambalo halikuwa kazi yake.

Dawa ilikuwa ya rangi ya chai iliyokolea. Ilishuka tone kwa tone, na muda si mrefu msumari wa kwanza uligeuka ukalala chali. Ukafuata mwingine. Mfuko wa damu ulirudishwa kwenye friji, na kabla ya adhuhuri ulimwokoa mwanamke wa Mlingotini aliyekuwa anajifungua. Kabati lilibaki kando ya kitanda hadi dawa ilipokwisha, halafu likarudi lilikotoka. Lilipofika mahali pake Bi Tabia alipangusa vumbi miguu yake.

Mize aliongezewa dawa hiyo Jumanne nyingine, na nyingine tena, na kila mara fomu iliandikwa kwa maneno. Hamu ya barafu ilimtoka kwanza. Alisimama mbele ya kasha la samaki akaona ni barafu tu. Kisha miguu ikatulia usiku. Masufuria yakarudi jikoni, wakati Mwanahija amekwenda dukani. Alirudi akayakuta yamejipanga kwa ukubwa. Sindano za kuzalisha damu, zile zile zilizokuwa hazifai kitu, zikaanza kufanya kazi, maana mpishi alikuwa amepata unga. Viganja vikawa vyekundu. Shahid Jafferali naye, baada ya jino kung'olewa na dripu kusimamishwa, alipata rangi usoni, na Ezmina akaacha kufagia misumari pembeni.

Siku Mize aliporudi sokoni hakumwambia mtu. Alikuta Abuu juu ya kreti na jodari mkubwa amelazwa juu ya jamvi, samaki mzito wa kuvunja mpini wa mzani. Abuu alipomwona akashuka. Akaipindua kreti, akaipangusa, akaipindua tena.

Mize akapanda. Aliwatazama: wakaanga samaki, wachuuzi, watoto wa mjini wenye pikipiki. Akavuta pumzi, na pumzi ikaja yote.

"Jodaariii! Mfalme huyu! Nani ananifungulia bei?"

Ndoo zilitetemeka. Ndege waliokuwa juu ya paa la soko waliondoka. Sauti ilipita juu ya vibanda, ikapanda barabara ya mawe, ikaingia hospitalini ambako Daktari Maulida alikuwa anasikiliza mapafu ya mtu; akaondoa kipimo masikioni akangoja ipite. Ilifika Magomeni. Wanawake wa huko walisimamisha mifagio yao, wakaambizana bei, na mmoja akaenda kuchochea moto. Sokoni Mwanvita alipiga kigelegele cha kwanza, wenzake wakakipokea, na mnada ukasimama kwa vigelegele mpaka Mize mwenyewe alipowakaripia kwamba samaki anaharibika. Kule majini boti zote zilikuwa zimetulia juu ya nanga zao.

Habari zikasambaa. Jumanne walikuja watu wa Chalinze, wa Kerege, wa Mbegani, na wawili wa Lugoba waliokuwa wamemjua Mzee Kombo. Sinia likawa masinia matatu. Hospitali iliandika kuomba fungu la misumari, ombi likakataliwa kwa maelezo kwamba misumari si dawa wala si kifaa tiba, na Ezmina akaendelea kuitoa bure.

Mwishoni ukaja ugeni. Walikuja waheshimiwa kutoka juu kwa magari meupe, wakasaini kitabu cha wageni, wakaonyeshwa masinia. Hawakushangaa. Mmoja aliuliza kama msumari wa bati unatoa majibu sawa na wa inchi tatu, akajibiwa kwamba wa bati ni mwepesi mno kwa watu wazima. Akalipokea hilo kwa makini. Kisha wakapelekwa maabara, kwenye chumba kilichojengwa tangu hospitali inafunguliwa kwa ajili ya mashine ya kupimia akiba ya chuma. Chumba kilikuwa na vigae, soketi na meza nzuri ya mninga. Mashine haikuwahi kuja.

Kiongozi wa msafara alitoa hotuba. Aliipongeza hospitali kwa ubunifu. Alisema kipimo cha gharama nafuu ndicho kinachotakiwa na wananchi, na kwa kuwa sasa kipimo kipo, ile mashine imeondolewa kwenye mpango, itapelekwa penye uhitaji zaidi. Fomu, alisema, itabaki kama ilivyo. Hospitali nyingine ambazo hazina misumari yenye tabia hii zitaendelea kungoja namba kutoka mjini.

Watu walipiga makofi kwa adabu. Daktari Maulida hakupiga. Bi Tabia naye hakupiga; alikuwa ameshika ufunguo.

Kisha mshereheshaji akamwita Bi Mize binti Haji atoe shukrani kwa niaba ya wagonjwa. Akaletewa kipaza sauti, naye akakikataa kwa mkono. Aliomba asaidiwe kupanda mezani. Abuu na Mwanahija wakamshika huku na huku, akapanda.

"Haya jamani, sogeeni!" alisema, na dirisha la maabara likalia. "Leo nanadi nafasi! Meza hii ya mninga mtupu, chini vigae, ukutani umeme! Nafasi ya mashine ya kupimia chuma! Fedha sipokei, napokea mashine! Nani ananifungulia?"

Waheshimiwa walitabasamu.

"Mheshimiwa wa miwani, umeinua mkono. Ndiyo bei hiyo?"

Mheshimiwa wa miwani alikuwa anajikuna shingo. Aliushusha mkono polepole, akaukalia.

"Mara ya kwanza!" Sauti ilitoka nje, ikavuka barabara, nondo za Jafferali zikaiitikia. "Anaiuza Mzee Kombo wa Lugoba, aliyeingoja namba, namba ikamkuta udongoni! Mara ya pili! Wanaiuza wa Lugoba yenyewe, wa Chalinze, na wote wa huko kusiko na misumari ya kuwaonea huruma! Semeni, jamani, mnada ni mdomo!"

Hakuna aliyesema. Sauti ilikuwa nzuri mno, na watu wengi waliokuwapo, hata baadhi ya waheshimiwa, walikuwa wamefumba macho kuisikiliza.

"Mara ya tatu!"

Mize alingoja kama dalali anavyopaswa kungoja, akimtazama kila mtu usoni kwa zamu. Kisha akapiga kofi moja.

"Imekosa mnunuzi. Bidhaa haiondolewi mnadani."

Waheshimiwa walishangilia kwa dhati, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, wakamsifu kwa sauti yake. Wakala pilau, wakaondoka kabla ya alasiri. Daktari Maulida aliamuru masinia yahamishiwe kwenye ile meza, kwa kuwa ilikuwa meza nzuri na ilikuwa wazi.

Baada ya sikukuu ya Maulidi, Mize na Mwanahija walikwenda kulazwa. Figo iliingia ikakaa kama iliyozaliwa humo. Mwanahija alibaki na moja, Mize akawa na tatu, mbili zilizochoka na moja inayofanya kazi, na alipopona sokoni walisema sauti imeongezeka unene. Yeye hakukana.

Hana tena haja ya masinia ya Jumanne, ila huenda. Akimaliza jodari na changu wake hunawa mikono, hupanda barabara ya mawe bila kupumzika njiani, hupita katikati ya watu walioketi wakingoja masinia, na huamkiana nao wote. Bi Tabia huwa amekwishafungua kabati mapema. Daktari humpisha. Mize hupanda juu ya meza ya mninga, misumari ikiwa kimya miguuni pake, hufungua dirisha, na hunadi ile nafasi kwa sauti inayofika hadi Magomeni. Watu wa mji wamezoea, na wengine husimamisha pikipiki wasikilize. Bei ya kwanza bado haijatajwa.